Tofauti za Viwango vya Matukio ya Saratani kati ya Mji na Shamba katika Kisiwa cha Pemba: Tatizo la Kuugua na Tatizo la Kuhesabu

IKISIRI

Makala haya yanafafanua namna viwango vya matukio ya saratani vinavyotofautiana kati ya mji na shamba, kwa kurejelea kisiwa cha Pemba. Hoja kuu ni kwamba sehemu ya tofauti inayoonekana katika takwimu hutokana na ugonjwa wenyewe, na sehemu nyingine hutokana na mahali vipimo vilipo pamoja na namna makazi ya mgonjwa yanavyoandikwa. Sehemu hizo mbili zisipotenganishwa, wilaya ya shamba huweza kuhesabiwa kuwa na nafuu ilhali wagonjwa wake hawakufika kupimwa. Makala yanapendekeza vigezo vitatu vya kuzitenganisha: aina ya uvimbe, hatua ya ugonjwa wakati wa kugunduliwa, na uwiano wa vifo kwa matukio mapya.

Maneno muhimu: saratani, kiwango cha matukio, mji na shamba, kichocho, Pemba

1.0 Utangulizi

Kisiwa cha Pemba kina mikoa miwili na wilaya nne. Mkoa wa Kaskazini Pemba una wilaya za Wete na Micheweni, na Mkoa wa Kusini Pemba una wilaya za Chake Chake na Mkoani. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 272,091 katika mkoa wa kwanza na 271,350 katika mkoa wa pili, yaani jumla ya watu 543,441. Miji mikuu ni Wete, Chake Chake na Mkoani. Nje ya miji hiyo, wakaazi wengi huishi katika shehia za shamba na hutegemea karafuu, mpunga, muhogo, uvuvi na kilimo cha mwani.

Mgonjwa wa shamba anayeshukiwa kuwa na saratani hupita ngazi kadhaa kabla ya ugonjwa wake kuthibitishwa na kutibiwa. Huanza katika kituo cha afya kilicho karibu, kisha hospitali ya wilaya au Hospitali ya Abdalla Mzee iliyopo Mkoani. Kutoka hapo huvuka bahari kwenda Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, na mara nyingi huvuka tena kwenda Dar es Salaam. Huko ipo Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, iliyoundwa kisheria mwaka 1996, ambayo kwa miaka mingi imekuwa tegemeo kuu la nchi kwa tiba ya mionzi. Kila ngazi inahitaji nauli, siku za kuacha kazi na ndugu wa kumsindikiza mgonjwa. Anayeishia njiani huenda asiingie katika rejista yoyote ya saratani.

Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilikadiria kwamba mwaka 2020 Tanzania ilikuwa na takriban wagonjwa wapya 40,000 wa saratani na vifo takriban 27,000. Ikiwa idadi hiyo ya wagonjwa itagawanywa kwa watu milioni 61.7 waliohesabiwa katika sensa ya 2022, hupatikana wastani wa wagonjwa 65 hivi kwa kila watu 100,000. Wastani huo ukitumika kwa wakaazi wa Pemba, kisiwa kingetarajiwa kuwa na wagonjwa wapya wapatao 350 kwa mwaka, karibu mmoja kila siku. Idadi hii si kipimo cha hali halisi ya Pemba. Ni kiegemeo tu, kinachomwezesha msomaji kujiuliza: ikiwa daftari la mwaka mzima lina majina machache zaidi ya hayo, je, Pemba ina saratani kidogo, au wapo wagonjwa wasioandikwa?

2.0 Kiwango cha matukio: kiasi na asili yake

Katika mazungumzo ya kawaida, maneno "kiwango cha saratani" hubeba maana zaidi ya moja. Huweza kumaanisha idadi ya wagonjwa waliolazwa, asilimia ya aina fulani ya saratani miongoni mwa wagonjwa wa hospitali moja, au idadi ya watu wote wanaoishi na ugonjwa huo kwa wakati fulani. Katika epidemiolojia, kiwango cha matukio ni idadi ya wagonjwa wapya waliogunduliwa katika kipindi maalumu, ikigawanywa kwa idadi ya watu waliokuwa katika hatari ya kuugua katika kipindi hicho hicho. Hivyo ni sehemu yenye kiasi na asili, na kosa katika upande wowote hubadilisha jibu.

Takwimu za hospitali peke yake hazina asili. Hospitali ikieleza kwamba saratani ya shingo ya kizazi ni sehemu kubwa ya wagonjwa wake, haijaeleza ni wanawake wangapi wa Micheweni au Wete wanaougua. Ndiyo maana rejista inayohesabu wagonjwa wote wa eneo lenye mipaka na idadi ya watu inayojulikana hutofautishwa na rejista ya hospitali. Afrika Mashariki ina mifano ya kale ya rejista za aina hiyo. Rejista ya Kampala, iliyoanzishwa miaka ya 1950, inahesabu wakaazi wa Kaunti ya Kyadondo, eneo ambalo kwa sehemu kubwa ni la mji. Nchini Kenya, rejista ya Eldoret ilianza mwaka 1999 na ya Nairobi mwaka 2001. Kwa kuwa rejista nyingi barani zimekaa karibu na hospitali kubwa na vyuo vikuu, taswira ya saratani ya Afrika imechorwa zaidi kutoka mjini.

2.1 Asili isiyoendana na wakati

Mwaka 2012 Pemba ilikuwa na watu 406,848. Miaka kumi baadaye ilikuwa na watu 543,441, ongezeko la takriban theluthi moja. Mchunguzi atakayehesabu wagonjwa wa mwaka 2022 na kuwagawanya kwa idadi ya watu ya mwaka 2012 atapata kiwango kilichopanda kwa theluthi moja bila hatari ya kuugua kubadilika. Kosa hilo huwa kubwa zaidi pale ambapo mji umekua kwa kasi kuliko shamba, kwa sababu asili ya zamani huupandisha mji kuliko inavyoipandisha shamba.

2.2 Tofauti za umri

Saratani nyingi huongezeka kwa umri. Kwa mfano wa kufikirika, chukuliwa kwamba hatari ni ile ile mjini na shamba: wagonjwa 20 kwa kila watu 100,000 walio chini ya miaka 50, na wagonjwa 300 kwa kila watu 100,000 wenye miaka 50 na zaidi. Ikiwa wazee ni asilimia 15 ya watu wa mjini na asilimia 8 ya watu wa shamba, kiwango ghafi cha mji kitakuwa 62 na cha shamba kitakuwa 42 hivi. Tofauti hiyo yote imetokana na umri. Kwa sababu hiyo viwango husawazishwa kwa umri kabla ya kulinganishwa.

Katika Pemba usawazishaji huo una ulazima wa pekee, kwa kuwa uhamaji hubadilisha umbo la idadi ya watu. Vijana wengi huondoka kwenda Unguja, Dar es Salaam, Mombasa na Oman, na katika shehia nyingi hubaki watoto na wazee. Haifai kudhani mapema kwamba shamba ni changa au ni zee kuliko mji. Umri wa kila shehia unapaswa kutazamwa kama ulivyohesabiwa.

2.3 Udogo wa idadi

Wilaya za Pemba ni ndogo. Katika sensa ya 2012, Micheweni ilikuwa na watu 103,816, Wete 107,916, Chake Chake 97,249 na Mkoani 97,867. Ikiwa wilaya ya ukubwa huo ina wagonjwa 20 wa aina fulani ya saratani kwa mwaka, idadi hiyo kwa kubahatika tu inaendana na wastani wa kweli ulio kati ya 12 na 31, kwa uhakika wa asilimia 95. Kwa hiyo wilaya moja ikiwa na wagonjwa 16 na nyingine 24, haijathibitika kwamba zinatofautiana. Miaka mitano au zaidi hulazimika kuunganishwa kabla ya hukumu kutolewa.

3.0 Makazi ya mgonjwa na hesabu inayohama

Kosa lenye athari kubwa kuliko yote katika kulinganisha mji na shamba hutokea katika mstari mmoja wa fomu, ule unaouliza mgonjwa anaishi wapi. Mgonjwa kutoka shehia ya shamba anapofika Unguja au Dar es Salaam hupokewa na jamaa. Anapoulizwa anwani, yeye au ndugu aliyemsindikiza hutaja nyumba aliyofikia, kwa kuwa hapo ndipo atakapopatikana akiitwa kwa matibabu. Jibu hilo ni sahihi kwa mhudumu anayetaka kumpata mgonjwa, lakini kwa rejista ni kosa.

Athari yake hudhihirika kwa hesabu nyepesi. Chukuliwa mji na shamba, kila upande una watu 100,000 na wagonjwa wapya 40 kwa mwaka. Ikiwa wagonjwa 10 wa shamba wataandikwa kwa anwani ya mjini, shamba litabaki na 30 na mji utakuwa na 50. Uwiano wa kweli ni moja kwa moja, ilhali uwiano utakaochapishwa utaonesha mji umezidi kwa asilimia 67. Mgonjwa mmoja aliyeandikwa vibaya hupunguza kiasi cha shamba na kuongeza kiasi cha mji kwa wakati mmoja, huku yeye mwenyewe akiendelea kuhesabiwa katika asili ya shamba kupitia sensa.

Kosa hili linaweza kurekebishwa bila gharama kubwa. Zanzibar ina ngazi ya utawala ambayo wananchi huijua vyema, nayo ni shehia. Badala ya swali moja la anwani, fomu inaweza kuwa na mawili: mgonjwa anapatikana wapi sasa, na alikuwa akiishi shehia gani kabla ya dalili kuanza. Swali la pili likijibiwa kwa jina la shehia, mgonjwa hurejeshwa katika hesabu ya kwao hata kama amepimwa ng'ambo ya bahari.

4.0 Tofauti zilizo za kweli

Makosa ya kuhesabu hayafuti tofauti za ugonjwa wenyewe. Mfano ulio wazi zaidi kwa Pemba ni saratani ya kibofu cha mkojo inayohusiana na kichocho. Mwaka 1994 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka minyoo ya kichocho cha mkojo katika kundi la visababishi vilivyothibitishwa vya saratani kwa binadamu. Mayai ya minyoo hao hunasa katika ukuta wa kibofu na kusababisha uvimbe na makovu ya muda mrefu, na kwa baadhi ya watu hali hiyo huishia katika saratani ya seli bapa. Nchini Misri, ambako kichocho kilikithiri, saratani ya kibofu ilikuwa miongoni mwa saratani kubwa za taifa. Udhibiti wa kichocho ulipofanikiwa, uzito wake ulipungua na aina ya seli zinazoonekana katika vipimo ikabadilika.

Pemba ina historia ndefu ya kichocho cha mkojo. Mradi wa udhibiti kwa kutumia dawa ya praziquantel ulianza mwaka 1986, na tangu mwaka 2000 Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri iliyopo Wawi, Chake Chake, imekuwa kituo cha tafiti za ugonjwa huo. Kampeni zilizofuata, zikiwamo za miaka ya 2011 hadi 2017 zilizounganisha ugawaji wa dawa, udhibiti wa konokono na elimu ya mabadiliko ya tabia, zimepunguza sana maambukizi. Hata hivyo, saratani huja miongo kadhaa baada ya maambukizi. Mtoto aliyeoga katika kijito mwaka 1980 akiwa na miaka kumi alifika miaka hamsini mwaka 2020. Kushuka kwa kichocho kwa watoto wa leo hakuwaondolei hatari watu wa rika hilo.

Hapa pia neno "shamba" halina maana moja. Konokono wanaobeba kichocho wanahitaji maji baridi. Hupatikana katika vijito, madimbwi na mabonde ya mpunga, ambayo ni mengi katika sehemu za vilima. Maeneo ya uwanda wenye mawe ya matumbawe, hususani upande wa mashariki, yana maji machache ya juu ya ardhi. Shehia mbili zilizo mbali na mji kwa umbali sawa zinaweza kuwa na historia tofauti kabisa ya kichocho. Kuziweka pamoja chini ya kichwa "shamba" ni kuficha jambo ambalo uchunguzi ulikusudia kulionesha.

Upande wa mji nao una hatari zake. Saratani ya matiti huhusishwa na uzazi mchache, kuchelewa kuzaa, muda mfupi wa kunyonyesha, unene na kutofanya kazi za nguvu, hali ambazo kwa kawaida hukua pamoja na maisha ya mjini. Mwenendo wa Kampala unaendana na matarajio hayo, kwani saratani za matiti na tezi dume zimepanda huko kwa miongo kadhaa. Kwa hiyo inawezekana kabisa mji wa Chake Chake ukawa na saratani ya matiti zaidi kuliko shehia za Micheweni kwa sababu za kweli. Linalobaki ni kujua ni kwa kiasi gani.

5.0 Vigezo vya kutenganisha kuugua na kuhesabiwa

5.1 Uvimbe unaoonekana na usioonekana

Saratani hazifichiki kwa kiwango kimoja. Uvimbe wa titi, wa taya au wa ngozi huonekana kwa macho. Saratani ya ini, kongosho, ovari au ubongo inahitaji picha za ndani na vipimo vya tishu. Ikiwa pengo kati ya mji na shamba linatokana na ukosefu wa vipimo, litakuwa dogo kwa saratani zinazoonekana na kubwa kwa zile zilizofichika. Ikiwa pengo ni la ukubwa ule ule kwa aina zote mbili, maelezo ya vipimo peke yake hayatoshi.

Historia ya uvimbe wa Burkitt inaonesha thamani ya kigezo hiki. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika kuhusu uvimbe wa taya kwa watoto. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari maelfu ya kilomita kutoka Uganda hadi Afrika Kusini wakiwauliza wahudumu wa hospitali kama wamewahi kuuona. Katika mijadala iliyofuata, Unguja na Pemba vilitajwa kuwa visiwa ambako uvimbe huo ulikuwa nadra, ingawa joto na mvua zake ni kama za pwani ya bara, na uhaba huo ukahusishwa na udhibiti wa malaria uliofanyika visiwani. Uhaba huo uliweza kupewa uzito kwa sababu uvimbe wa taya huonekana usoni mwa mtoto na hauhitaji maabara ili kutiliwa shaka. Kama ungekuwa uvimbe wa ini, kutokuwapo kwake katika madaftari ya Pemba kusingethibitisha jambo lolote.

5.2 Hatua ya ugonjwa

Kigezo cha pili ni hatua ambayo ugonjwa umefikia unapogunduliwa. Shamba likiwa na wagonjwa wachache, na hao wachache wakafika katika hatua za mwisho kuliko wa mjini, ni dalili kwamba wapo wengine ambao hawakufika kabisa. Likiwa na wagonjwa wachache wanaofika katika hatua zile zile kama wa mjini, hoja ya kwamba ugonjwa wenyewe ni mchache hupata nguvu.

5.3 Uwiano wa vifo kwa matukio

Kigezo cha tatu ni kulinganisha vifo na matukio mapya. Nchini Marekani, ambako usajili wa saratani unakaribia ukamilifu, taarifa ya serikali ya mwaka 2017 ilionesha kwamba kaunti za mashambani zilikuwa na kiwango cha chini kidogo cha matukio ya saratani kwa jumla, lakini vifo vyake vilikuwa 180 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, dhidi ya 158 katika kaunti za miji. Msomaji wa safu ya matukio pekee angedhani shamba lina nafuu, kumbe safu ya vifo inasema kinyume.

Katika Pemba kigezo hiki ndicho kigumu zaidi kutumika. Vifo vingi hutokea nyumbani. Maziko hufanywa kwa haraka kwa mujibu wa sharia ya Kiislamu, na sababu ya kifo haihitajiki ili maiti azikwe. Familia hujua kwamba marehemu alikuwa na uvimbe, alikojoa damu au alikonda kwa miezi mingi, lakini maarifa hayo hubaki ndani ya nyumba. Mahojiano ya sababu ya kifo, yanayofanywa kwa heshima na ndugu wa karibu baada ya siku za matanga kupita, ndiyo njia inayoweza kuyafikisha katika takwimu. Sheha, ambaye hupata habari za kila msiba katika shehia yake, ndiye kiungo cha kwanza cha kazi hiyo.

6.0 Athari kwa mgao wa huduma

Suala hili linahusu uhai wa watu, kwa kuwa huduma hupangwa kwa kufuata takwimu. Wilaya yenye kiwango cha chini hupewa vipimo vichache kwa hoja kwamba mahitaji yake ni madogo. Kwa kukosa vipimo, wagonjwa wake hawagunduliki na kiwango chake huendelea kuwa chini. Mzunguko huo hauwezi kuvunjwa na takwimu zile zile zilizouanzisha.

Kinyume chake pia hutokea. Hospitali ya Abdalla Mzee ilijengwa upya kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 2016. Hospitali inapoongezewa uwezo, wagonjwa waliokuwa hawaonekani huanza kuandikwa, na kiwango cha matukio hupanda. Kupanda huko kukisomwa kama mlipuko wa ugonjwa, jamii hutiwa hofu bure. Kwa hiyo kila kiwango kinachochapishwa kwa ajili ya wilaya za Pemba kinapaswa kuambatana na mambo manne: idadi halisi ya wagonjwa, asilimia iliyothibitishwa kwa vipimo vya tishu, mgawanyo wa hatua za ugonjwa, na maelezo ya namna makazi yalivyoandikwa. Pale ambapo mambo hayo hayapo, kiwango cha shamba kichukuliwe kuwa ni kiwango cha chini kabisa kinachoweza kuwa kweli.

7.0 Hitimisho

Makala yameonesha kwamba tofauti ya viwango vya saratani kati ya mji na shamba katika Pemba ina vyanzo viwili vinavyokwenda pamoja. Kipo chanzo cha ugonjwa, kama kichocho katika shehia zenye maji baridi na mabadiliko ya uzazi mjini. Kipo pia chanzo cha hesabu, yaani umbali wa vipimo, anwani ya mwenyeji iliyoandikwa badala ya shehia ya mgonjwa, asili iliyopitwa na wakati, na kifo kisichoandikiwa sababu. Vigezo vitatu vilivyojadiliwa vinaweza kutumika hata kwa takwimu chache zilizopo. Hatua ya kwanza ni nyepesi kuliko zote: kuongeza katika fomu ya mgonjwa swali la shehia aliyokuwa akiishi kabla ya kuanza kuugua, na kuhakikisha limejibiwa kabla hajapanda boti.